Fundi Octave na Nafasi ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaendelea, gusa kola ya nguo uliyovaa. Iguse tu. Kama imelala vizuri shingoni, haikukwaruzi, na ulishonewa Randburg, basi inawezekana sana kola hiyo ilikatwa na mtu tunayemkumbuka leo.

Jina lake ni Octave Kasereka. Octave Kasereka, fundi cherehani, mzaliwa wa Butembo, mkaazi wa Johannesburg kwa zaidi ya miaka ishirini. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na nane. Tulimzika Jumamosi. Mliokuwepo mliona wenyewe, magari yalijaa mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, na askari wa barabarani akauliza ni waziri gani amefariki. Akaambiwa, si waziri, ni fundi wetu.

Sasa, katika kumbukumbu hii utasikia habari za uchaguzi. Uchaguzi wa udiwani. Tena si wa hapa kwetu, ni wa Scotland, mashambani kabisa, mahali ambapo kondoo ni wengi kuliko watu. Usishangae. Mzee Octave hakuwahi kukanyaga Scotland. Na tangu aingie nchi hii hakupiga kura hata mara moja, maana alikuwa na karatasi za ukimbizi. Lakini kuna kata moja kule, inaitwa Balarnoch, ambayo diwani wake hangekaa kwenye kile kiti bila fundi wa Randburg. Vuta kiti, nikueleze.

Mzee Octave alifika Johannesburg na mke wake, Mama Masika, na mtoto wao mmoja, Clémentine, aliyekuwa na miaka tisa. Walianzia Alexandra, chumba kimoja, cherehani mlangoni ili lipate mwanga. Akashona hapo miaka mingi. Akashona sare za shule, akashona magauni ya harusi, akapunguza suruali za watu waliopungua na kuongeza za walionenepa. Ikaja Mei ya mwaka 2008. Ninyi mnaijua Mei ile, wageni walipofukuzwa na kuchomewa nyumba, sina haja ya kuwakumbusha zaidi. Familia ilitoka na nguo za mwilini. Cherehani lilibaki.

Baada ya wiki tatu jirani yao mmoja, mama wa Kizulu, alimtafuta Octave mpaka akampata. Alikuwa amelificha cherehani chini ya kitanda chake na kuliwekea magunia juu. Mama Masika anasema mume wake hakulia siku waliyotoka Alexandra, alilia siku aliyorudishiwa cherehani. Na kila Krismasi tangu mwaka huo, mama yule alishonewa gauni jipya. Kila Krismasi, mpaka ile iliyopita.

Hapo ndipo akahamia Randburg. Akapata chumba kidogo karibu na kituo cha teksi. Lakini milango miwili tu kutoka pale alikuwepo tayari fundi mwingine. Bwana Mahmoud, mtu wa Tanga, fundi hodari, mwenye wateja wake na maneno yake. Mahmoud mwenyewe aliniambia, alipoona lile cherehani linashushwa, alisema moyoni, haya, vita imekuja.

Vita haikuja. Mteja wa Mahmoud akipita mlangoni kwa Octave, Octave anamsalimia, anasifu nguo aliyovaa, halafu anamwambia neno moja tu. Neno hilo wateja wengi wanalikumbuka mpaka leo, kwa sauti yake ile ya Butembo: "Usiache fundi yako, iko muzuri. Ila siku atakuwa na kazi mingi, nikumbuke mimi."

Basi. Hakumsema Mahmoud vibaya. Hakuomba kuwa wa kwanza. Aliomba kuwa wa pili.

Na nafasi hiyo ya pili ilifika. Mahmoud akaumwa, akapasuliwa tumbo, akakaa miezi mitatu bila kugusa sindano. Wateja wake wote wakamkumbuka yule wa pili. Mzee Octave akawashonea. Lakini alikwenda kwanza kwa Mahmoud hospitali akamwomba lebo zake, zile ndogo za kushonea ndani ya kola. Kila nguo ya mteja wa Mahmoud ikatoka na lebo ya Mahmoud. Nilipomuuliza Mahmoud habari hizi alisema, "Wallahi, nilirudi nikakuta wateja wangu wote. Hakupungua hata mmoja. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini, kama si kumpenda?"

Mzee Octave alikuwa na ucheshi wake pia. Kila uchaguzi wa madiwani ukija hapa mjini, nguzo zote za taa zinajaa picha za wagombea. Yeye kura hana, lakini picha alizipenda. Siyo kwa sababu ya siasa. Alipenda ule ubao wa karatasi ngumu. Uchaguzi ukiisha, picha zikianza kuanguka, anaokota moja, anaikata kigezo cha kola. Ukienda dukani kwake ulikuwa unaona ukutani jicho la mgombea huku, nusu ya kidevu kule. Akiulizwa anasema hawa ndio wanasiasa pekee waliowahi kumsaidia. Lakini Mama Masika anasema siku yenyewe ya kupiga kura, mji ukiwa kimya, alikuwa akikaa mlangoni akitazama majirani wakirudi na wino kwenye kidole gumba, na siku hiyo hakuwa na utani.

Sasa tuje kwa Clémentine. Alisomea hapa, akafanya kazi hapa, kisha akaenda Scotland kuhudumia wazee majumbani kwao. Kazi ya kuamsha mzee, kumwogesha, kumpikia uji, kumsikiliza habari za marehemu mume wake. Miaka tisa, katika kata ile ile ya Balarnoch. Wazee walimjua, na mbwa wao walimjua.

Mwaka juzi diwani wa Balarnoch akajiuzulu, uchaguzi mdogo ukaitishwa. Na wakati huo huo basi la kata lilikuwa linataka kuondolewa. Basi moja tu, linalowachukua wazee kwenda kliniki ya mjini na kuwarudisha. Basi likiondoka, wazee wa Clémentine wamefungiwa ndani. Kura ya kulibakisha au kuliondoa ingepigwa kwenye baraza, na kiti cha Balarnoch kilikuwa wazi. Kule sheria inamruhusu mgeni mwenye ukaazi kupiga kura ya udiwani, na mwenye ukaazi wa kudumu kugombea. Clémentine akajaza fomu. Wagombea wakawa wanne, na yeye ndiye pekee ambaye hakuzaliwa pale.

Alipompigia simu baba yake, mzee Octave aliuliza swali moja la mtu wa Congo: wewe ni namba ngapi? Maana kwao kila mgombea anapewa namba, na kampeni ni kuimba namba. Clémentine akamwambia, Papa, huku mgombea hana namba. Mpiga kura ndiye anayeandika namba. Anaandika moja kwa anayempenda zaidi, mbili kwa anayemfuatia, na kuendelea. Mzee akamrudishia simu mke wake, akaenda kukaa. Hakuwa amesikia kitu kama hicho maishani.

Lakini kampeni aliijua. Au alidhani anaijua. Kule kwao mgombea haendi kwa watu mikono mitupu. Anapeleka kitenge, anapeleka chumvi, anapeleka fulana. Mkono mtupu haulambwi. Basi mzee wetu akafunga kazi za wateja wiki nzima, akashona aproni. Aproni za jikoni, za vitenge, arobaini. Kila moja ina mfuko mbele, na juu ya mfuko ametarizi kwa uzi wa manjano: Clémentine, 1. Akazifunga kwenye sanduku, akazituma. Alikuwa na furaha kama bwana harusi.

Wasikilizaji wapendwa, Clémentine ni mtoto aliyelelewa. Zawadi ya baba haiwekwi kabatini. Akagawa tisa kwa wazee wake, akisema ni salamu za baba kutoka Johannesburg. Hakuona ubaya.

Aliyeona ubaya ni Bi Elspeth. Bi Elspeth ni mama mstaafu wa kazi ya posta, aliyekuwa akimsaidia Clémentine kampeni. Aliingia jikoni kwa mzee mmoja kunywa chai, akaona aproni imening'inia. Akasoma mfuko. Chai hakuimaliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Clémentine akamweleza kwamba kwa sheria ya kule, kumpa mpiga kura zawadi ili akuchague ni kosa. Kosa la mahakamani. Hata ukishinda unanyang'anywa kiti, na jina lako limechafuka.

Clémentine akampigia baba yake. Mama Masika alikuwepo. Anasema mume wake alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu juu ya meza ya kukatia, akatazama mikono yake. Akasema, "Hii mikono ndiyo imeharibia mutoto."

Siku mbili hakushona. Siku mbili nzima, cherehani kimya, wateja wanarudi na vitambaa vyao. Kilichomkaa rohoni kilikuwa kizito. Bi Elspeth alisema njia ni moja, Clémentine akazichukue aproni zote tisa mara moja, kisha wakatoe taarifa wenyewe kwa ofisi ya uchaguzi kabla hawajaulizwa. Lakini kwa mzee Octave, zawadi hairudishwi nyuma. Kumnyang'anya mzee ulichompa ni kumtukana yeye na marehemu wake wote. Heri usingempa. Sasa binti yake achague kipi, kuvunja sheria ya watu au kuwavunjia heshima wazee wao? Na yote mawili yametoka kwenye cherehani la baba.

Siku ya tatu alikwenda milango miwili kule, kwa Mahmoud. Wakakaa. Mahmoud anasema alimwambia tu, kaka, wewe ulikuja hospitali ukaomba lebo zangu kwa mdomo wako mwenyewe, hukutuma mtu. Mzee akanyanyuka. Akampigia Clémentine, akamwambia maneno ambayo binti huyo aliyaandika kwenye karatasi na bado anayo:

"Enda wewe mwenyewe, mama. Usitume mutu. Waambie ni kosa ya baba yako, ni fundi, hakujua sheria. Omba msamaha, chukua, toka. Siku hiyo usiombe kura."

Akaenda. Nyumba tisa, kwa miguu. Katika nyumba ya tisa kulikuwa na mzee mchungaji wa kondoo, miaka themanini na kitu, mkali, ambaye aproni alikuwa ameivaa. Alisikiliza. Akaivua, akaikunja vizuri, akampa. Baadaye alimwambia Bi Elspeth, na Bi Elspeth akatuandikia sisi: "Wagombea wengi wamenigongea mlango kuniletea kitu. Huyu ni wa kwanza kuja kuchukua alicholeta." Kijiji ni kijiji, hata kikiwa na baridi. Kufika Jumapili, kata nzima ilikuwa inaijua habari ya aproni za baba yake Clémentine. Ofisi ya uchaguzi nayo ikapelekewa taarifa, ikaiandika, ikamwonya Clémentine, ikamwacha agombee.

Zilibaki wiki tatu. Na hapo ndipo mzee Octave alipoielewa ile karatasi ya kura. Alikuwa anapiga pasi suruali, anasema Mama Masika, akaiacha pasi pale pale mpaka ikatoa moshi. Suruali hiyo alilazimika kuishona upya. Alikuwa ametambua kwamba kule Scotland, karatasi ya kura ina nafasi ya fundi wa pili.

Akampigia binti yake. Akamwambia kila mutu hapo iko na mgombea yake, ya ukoo yake, ya shamba yake. Usimwambie amwache. Mwambie tu, huyo wako ni mzuri, mpe moja. Lakini ukishamaliza, nikumbuke na mimi, nipe mbili. Clémentine akazunguka mlango kwa mlango na maneno hayo hayo ya Randburg. Hakumsema mtu vibaya. Hakuomba nafasi ya kwanza. Aliomba ya pili.

Kura zilipigwa Alhamisi. Zikahesabiwa Ijumaa asubuhi. Huku kwetu dukani kwa mzee Octave walikuwa Mama Masika, Mahmoud, na mteja mmoja aliyesimama juu ya kigoda akipindiwa suruali. Mzee alikuwa na pini nne mdomoni. Simu ikalia. Hesabu ya kwanza, Clémentine ni wa pili, nyuma ya mgombea mmoja mwenye mashamba makubwa, kwa kura zaidi ya mia moja. Mama Masika akajifunika uso. Mahmoud akasema, haya, tumshukuru Mungu, amejitahidi. Mzee Octave akatoa pini mdomoni, moja, moja, akazichoma kwenye mkono wa shati lake.

"Wa pili," akasema. "Ni vizuri. Sasa mungoje."

Maana hakuna aliyevuka nusu. Wa mwisho akatolewa, na kura zake zikapelekwa kwa wale walioandikwa mbili. Tofauti ikapungua. Akatolewa wa tatu. Kura zake nazo zikafunguliwa. Mbili kwa Clémentine. Mbili kwa Clémentine. Mbili kwa Clémentine. Simu ikalia tena. Ameshinda kwa kura kumi na tisa. Kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa, ni watu wanaojaa teksi moja ya hapa, ya abiria kumi na tano, na wanne wakabaki kituoni.

Mzee hakupiga kelele. Alimwambia mteja ageuke, amalizie upande wa pili. Lakini mteja huyo, Bwana Khatibu, anayefanya kazi ya ulinzi hapa Randburg, alituambia kwamba mguu wa kulia ulitoka mfupi kuliko wa kushoto, na suruali hiyo anaivaa mpaka leo, hataki irekebishwe.

Basi la Balarnoch lipo. Linapita Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Baraza lilipiga kura mwezi uliofuata, na mkono wa Clémentine ulikuwa miongoni mwa iliyonyooshwa.

Na zile aproni? Diwani hawezi kugawa zawadi, kwa hiyo alipokuja Krismasi alirudi nazo zote arobaini. Mzee Octave akakaa na wembe, akafumua uzi wa manjano, jina na namba, aproni moja baada ya nyingine. Akazikunja, akasema zitapata kazi. Jumamosi iliyopita zilipata kazi. Akina mama waliokuwa wanapika kwenye matanga yake walizivaa, wote. Ukizitazama kwa karibu, juu ya mfuko bado unaona matundu ya sindano.

Clémentine alisema maneno machache pale makaburini, na ninayarudia kwa ruhusa yake. Alisema, "Papa alikaa nchi hii bila kura hata moja. Mimi niliposimama mara ya kwanza kwenye kile chumba cha kupigia kura, niliandika namba mbili kwa mwenye mashamba, kwa sababu ndivyo alivyonifunza, mheshimu mwenzako. Halafu nikaandika moja kwenye jina langu. Jina langu ni Kasereka. Kwa hiyo Papa ameshapigiwa kura."

Kwa Mama Masika, pole sana, mama yetu. Kwa Clémentine, pole, diwani wetu wa mbali. Kwa yule mama wa Alexandra aliyeficha cherehani, na najua unatusikia kupitia kwa jirani anayekutafsiria, pole, na asante. Kwa Bi Elspeth na wazee wa Balarnoch, asanteni kwa kumpokea mtoto wetu. Tunamshukuru Mungu kwa miaka yote tuliyokuwa naye. Ni mingi, na aliitumia kutufanya sote tuonekane nadhifu kuliko tulivyo.

Nawe unayesikiliza, leo mkumbuke mtu mmoja anayefanya kazi kama yako, mlango wa karibu, yule unayemwita mpinzani. Nenda kamsalimie. Sifu kazi yake. Uone kama utapungukiwa na kitu.

Nina tangazo moja, nililoombwa na Bwana Mahmoud. Kama uliacha kitambaa kwa mzee Octave kabla hajafariki, kiko salama. Kuna nguo kumi na saba zilizokuwa zimekatwa na hazijashonwa. Mahmoud amezishona zote wiki hii. Nenda kachukue ya kwako, milango miwili kutoka kwa marehemu. Ukiifungua, tazama ndani ya kola. Ameweka lebo ya Octave.